Taa ya baba mkwe iliyomtupa fundi mtaroni

Saa kumi na mbili jioni, ukungu umeshateremka mjini Tukuyu, na Tulinagwe Mwakibinga amechuchumaa mbele ya pikipiki, bisibisi mdomoni. Mwenye pikipiki, kijana wa bodaboda aitwaye Gidion, ameamriwa akae kwenye siti. Nyuma yake limefungwa gunia la mchanga.

"Tulia hivyohivyo, usijiegemeze," anasema fundi, kisha anawasha taa.

Ukuta wa kibanda unakuwa mweupe ghafla. Mwandishi wa simulizi hii, aliyejifanya mjanja akasimama upande wa mbele, anaona vidoti vya kijani kwa muda mrefu.

Tulinagwe, mwenye umri wa miaka 36, anaishi kwa kutoa balbu za njano zinazokuja na pikipiki na kuweka za LED, zenye mwanga mkali. Balbu na ufundi ni shilingi 20,000. Wateja hawamkauki, maana ukungu ukishika kwenye milima hii ya chai na migomba, taa ya kawaida haifiki popote.

Kubadili balbu, anasema, hata mwandishi angeweza. Kazi ni kuielekeza.

"Huku pikipiki zinabeba ndizi. Ukifunga mikungu mitatu, nyuma inakaa chini, mbele inainuka. Taa uliyoipima pikipiki ikiwa tupu inakwenda kumpiga mwenzako machoni. Mimi sipimi bila mtu na mzigo."

Hilo analijua tangu alipoanza kazi. Hata hivyo, ipo pikipiki moja aliyoipima tupu, nayo nusura imtoe roho. Ni ya baba mkwe wake.

Mzee Anyosisye ni mkulima wa ndizi wa Suma. Macho yake yamepungua nguvu, na kila alfajiri ya soko hupeleka mzigo Kyimo. Alitaka taa kali. Tatizo ni kwamba yeye na Tulinagwe, mkamwana wake, hawatazamani. Mila ya Wanyakyusa wa zamani inamtaka mke amwogope baba wa mumewe: asikae naye chumba kimoja, asikutane naye njiani, asimwangalie usoni. Familia nyingi zimeshalegeza. Mzee huyu hajalegeza hata kidogo.

"Nikisikia pikipiki yake naingia migombani," anasema Tulinagwe na kucheka. "Miaka kumi na moja ya ndoa, namjua kwa kikohozi tu."

Basi pikipiki ililetwa na mumewe, Obed, ikiwa tupu, ikarudi hivyohivyo. Kumwita mzee aje akae kwenye siti mbele ya mkamwana halikuwa jambo la kutamkwa. Hakuna aliyeliona kosa.

Alfajiri moja ya mwezi Mei, Tulinagwe alikuwa akirudi mjini kwa pikipiki kutoka Kyimo, alikolala kwa dada yake. Ukungu ulikuwa mzito. Kwenye kona, mwanga mweupe ukamjaa usoni.

"Sikuona barabara, sikuona hata mikono yangu. Nikasikia tu niko mtaroni, pikipiki imenilalia. Nikawa najiuliza, ni fundi gani mpumbavu amemfungia mtu taa hii?"

Mwenye taa alisimama, akashuka, akampa mkono na kumvuta hadi juu.

"Nikainua uso niseme ndaga, nishukuru. Akakohoa, nikajua ninayemtazama ni baba. Kuanguka hakukunishtua vile. Nilitamani anirudishe mtaroni."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika. Mzee aligeuka, akasimama amempa mgongo hadi lilipopita gari la kumpeleka hospitali.

Mzee aliing'oa balbu ile siku hiyohiyo. Haikupita muda, akiitafuta njia kwa taa yake ya njano, aliikosa kona na kuingia kwenye shamba la chai, mikungu ikatawanyika. Akatoka na michubuko. Safari ijayo, kila mtu nyumbani alijua, huenda asitoke.

Akamtuma tena Obed na pikipiki tupu.

"Nilikataa," anasema Tulinagwe, sasa hacheki. "Nikamwambia mume wangu, baba asipokaa mwenyewe, siigusi. Obed akanitazama kama nimetukana kanisani. Lakini mimi nimeshaonja ile taa. Nataka baba afike soko akiwa hai, na anayekutana naye afike pia. Yakiisha hayo, nitarudi migombani kwangu."

Majibu hayakuja kwa wiki nyingi. Leo jioni, Gidion akiwa ameshaondoka, kikohozi kinasikika nje. Tulinagwe anasimama ghafla na kuutazama mlango wa nyuma. Hatoki.

Mzee anaingia juu ya pikipiki yake, mikungu mitatu nyuma, Obed akitembea pembeni kwa aibu. Kichwani amevaa helmeti yenye kioo cheusi, amekishusha hadi kidevuni. Uso hauonekani. Mwandishi anabana kicheko.

Anasimamisha pikipiki mbele ya ukuta. Tulinagwe anachuchumaa, anabadili balbu, mkono wa kushoto ukiwa bado mgumu, kisha anawasha.

"Baba," anasema akiitazama taa. "Unaona mpaka wapi?"

Anaweka bisibisi kwenye skrubu ya kuinua na kushusha taa.

"Baba, unaona?"

"Sioni kitu," inajibu helmeti.

Obed anaangalia chini. Fundi anasubiri, bisibisi kwenye skrubu. Hakuna mtu hapa asiyejua kinachotakiwa.

Mzee anakipandisha kioo. Macho yake yanatiririka machozi kwa ule mwanga unaorudi kutoka ukutani. Anautazama ukuta, mwanga umepanda juu, halafu anamtazama mkamwana wake, moja kwa moja.

"Shusha kidogo, mwanangu," anasema. "Hapo ndipo nilipokuumiza."