Themanini na tano, na hakuna wa kuniitikia

Leo nimeongea peke yangu kazini, na watu wamenisikia.

Nilikuwa kijijini Titye, naunga bomba la maji. Lilitakiwa kukwepa nguzo kwa sentimita 60, kwa elbo, vile viungio vya kona, za nyuzi 45.

Nikapiga hesabu ya urefu wa kipande cha mshazari, 60 mara 1.41, halafu nikapaza sauti: "Karibu themanini na tano!"

Nikasubiri jibu, kwa mazoea.

Miaka tisa fundi mwenzangu Fideli alikuwa ananijibu, "Rudia hesabu, ndugu yangu, bomba likishakatwa halirefuki." Wiki iliyopita alirudi kwao Burundi.

Mama mmoja akaniuliza, "Fundi, unaongea na nani?"

Aibu jamani.

Nikarudia hesabu, nikakata. Bomba likakaa sawasawa, halivuji hata tone.

Nimempigia Fideli nimwambie. Hapatikani.

Nyie kazi ikikubali, mnamwambia nani?