Kifungu Kimoja na Sahani ya Pilau

Mimi sina subira na wajinga, na miaka yote ile ya kufundisha fizikia haikunitibu. Mwanafunzi asiyejua nilimvumilia, maana alikuja shuleni ili ajue. Lakini mtu mzima asiyejua, aliyevaa suti ili asiulizwe swali, huyo sijawahi kumvumilia hata siku moja. Kwa hivyo sijui nilikuwa nafikiria nini nilipoamua, baada ya kustaafu, kuzunguka ofisi za hapa Eldoret nikiwaeleza wakubwa kazi ya mhandisi ni nini.

Kilichonipeleka huko ni mahindi ya dada yangu. Dada ni mkubwa wangu, ni mjane, analima sehemu za Ziwa, nje kidogo ya mji, na shamba ndilo tegemeo lake. Mwaka mmoja mvua ilikataa kuisha wakati wa kuvuna. Alianika, akaanua, akaanika tena, mpaka mahindi yakaota ukungu wa kijani ndani ya magunia. Kwenye ghala la kununulia wakamrudisha nayo yote. Tuliyamwaga shimoni, kwa sababu hata ng'ombe huwezi kumpa sumu kama ile. Nilisimama naye kando ya shimo, nikimkunjia magunia matupu.

Halafu tukasikia serikali inaleta draya, mashine kubwa ya kukausha mahindi ya wakulima wote wa upande ule. Dada alifurahi mpaka akaimba. Mimi nikauliza itawekwa wapi. Nikaambiwa sokoni, karibu na kiwanja wanachofanyia mikutano ya siasa. Ala! Pale sokoni stima iliyopo ni ya kuwasha balbu na kuchaji simu. Feni ya draya inataka stima ya nguvu, ile ya thrii-fezi inayozungusha posho mill ya kusagia unga, na posho mill iko kilomita tatu kutoka hapo. Kulijua hilo hakuhitaji digrii. Kunahitaji mtu mmoja ainue kichwa ahesabu nyaya kwenye nguzo.

Nikamtafuta rafiki yangu, mhandisi mstaafu aliyetunza mitambo ya kiwanda cha maziwa karibu maisha yake yote. Ni mzee mkavu, haongei ovyo. Tulikaa kwangu tukaandika kifungu kimoja cha kuingizwa kwenye mpango wa maendeleo: mashine ya umma isinunuliwe wala kuwekwa mahali popote kabla mhandisi hajapakagua na kuandika ripoti. Kifungu kimoja, jamani. Mistari miwili. Tulidhani ni jambo la wiki moja.

Tulizungushwa nacho miezi minne. Huyu anasema peleka kwa yule, yule anasema mwenye muhuri yuko semina Mombasa, atarudi Jumatatu, na Jumatatu ikifika ameenda semina nyingine. Sijui walikuwa wanafundishwa nini huko, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi na kitu kichwani. Afisa mmoja alituuliza sisi ni wa chama gani. Nikamwambia ni wa chama cha watu wanaojua kuhesabu. Akaandika hivyo hivyo.

Mwishowe tukaambiwa tupeleke maoni yetu kwenye kikao cha kushirikisha umma, katika ukumbi mmoja mjini. Mlangoni kulikuwa na meza, karani, na karatasi ndefu yenye nafasi za jina, kazi na sahihi. Ukitia sahihi unapewa kuponi ya chakula na unaingia. Usipotia, unabaki nje. Mhandisi aliichukua ile karatasi akaiangalia mbele na nyuma.

"Hii haina kichwa," akasema. "Ni ya nini?"

"Ni ya mahudhurio tu, Mzee," karani akamjibu.

"Basi andika hapo juu kwamba ni ya mahudhurio."

Karani akacheka, akaita mtu aliyefuata. Mhandisi akatoka, akaenda kusimama juani karibu na geti. Nilikasirika naye sana. Miezi minne ya kupanda ngazi, halafu mtu anashindwa na karatasi ya mlangoni! Nikamwambia, "Wewe baki na kichwa chako kigumu, mimi nina kazi ndani." Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu wa ubaoni, mzuri kabisa: jina langu, na kazi, Mwalimu wa Fizikia, mstaafu.

Ndani tuliomba. Baada ya kuomba tukatambulishana. Kila mkubwa alisimama akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia upya, jina kwa jina, kuanzia wa mbele hadi wa kando. Saa mbili zikaisha bila mtu kutaja mahindi. Nyuma yangu walikaa wale wanaokuja kila kikao kwa ajili ya sufuria. Hawana swali, hawana maoni, kazi yao ni kugeuza shingo upande wa jikoni. Niliwadharau, sitaficha. Niliwaangalia nikasema moyoni, hawa ndio wanaouza nchi hii kwa sahani ya pilau.

Chakula kilipokuwa karibu ndipo wananchi tukapewa nafasi, dakika mbili kila mtu. Nikasimama na chupa yangu ya glasi. Ndani nilikuwa nimetia chumvi kavu na konzi ya mahindi ya dada, yaliyotoka shambani bado mabichi. Nikaitikisa mbele yao, chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa. Nikawaeleza kwamba chumvi ikiganda mahindi yana maji, na ikidondoka yamekauka. Hii ni sayansi ya jikoni, nikawaambia, na hata hii hamtaki kuitumia. Kisha nikawaambia pale sokoni stima ya thrii-fezi haipo, nikawasomea kifungu chetu.

Mwenyekiti wa kikao, bwana mmoja wa tai nyekundu, alitabasamu. "Asante sana Mama kwa hayo mapishi."

Ukumbi ukacheka.

"Lakini mambo ya kitaalamu," akaendelea, "tumewaachia wataalamu."

Nikamuuliza mtaalamu ni nani. Akamwonyesha mshauri wa mradi, naye akasimama akatupungia mkono utafikiri ni siku ya harusi yake. Nikamuuliza mshauri amesomea nini. Amesomea kuuza bidhaa. Kuuza! Nikafungua mdomo, mwenyekiti akaniwahi. "Dakika zako zimeisha, Mama." Kuna Mama ya heshima, na kuna Mama ya kukunyamazisha, na nimeishi siku nyingi za kutosha kuzitofautisha.

Pilau ikaletwa. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na njaa. Nikatoa kuponi yangu.

Draya ilikuja kabla ya mavuno, ikawekwa pale pale sokoni. Siku ya kuizindua mavuno yalikuwa yameanza, na dada alifika mapema na trekta ya jirani, magunia kumi na manne ya mahindi mabichi. Kila gunia lilikuwa na jina lake kwa mwandiko wangu, maana mimi ndiye humwandikia kila mwaka. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni. "Hili jambo Mwalimu amelisimamia mwenyewe," aliwaambia majirani. Nilimsikia, na kabla sijamjibu nikaiona jenereta ya kukodi imefichwa nyuma ya hema.

Mgeni rasmi akabonyeza kitufe, draya ikanguruma, watu wakapiga makofi. Mahindi yaliyopitishwa humo hayakuwa ya wakulima, yalikuja na gari la wenye mradi. Nilichota konzi, nikatia kwenye chupa, nikatikisa. Chumvi ikadondoka yote. Walikuwa wanakausha mahindi makavu! Mgeni rasmi alipoondoka, jenereta ikapakiwa kwenye lori ikamfuata, na draya ikanyamaza. Dada alikuwa bado kwenye foleni yake.

Nikamkamata mwenye tai nyekundu kabla hajaingia garini. "Tuliwaambia," nikasema kwa sauti, watu wasikie. "Mimi mwenyewe nilisimama nikawaambia stima hiyo hapa haipo!"

Hakukasirika hata kidogo. Alifungua ripoti yake ukurasa wa mwisho akanionyesha. Juu kulikuwa kumechapwa: Wadau Walioidhinisha Mradi na Mahali pa Kuuweka. Chini yake ilikuwa ile karatasi ya mlangoni, sasa imepata kichwa. Jina langu lilikuwa la tatu. Kifungu chetu nilikitafuta kurasa zote na sikukiona.

"Mwalimu," akasema, "si wewe huyu?"

Dada alikuwa ameshuka kwenye trekta, amesimama kando yangu. Aliangalia ile karatasi, akageuka akaangalia mwandiko kwenye magunia yake, akaangalia karatasi tena.

Tulirudi kwake tukamwaga mahindi kwenye turubai, na mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Turbo. Niliongea njia nzima na bado niliendelea kuongea. Niliwaita wezi, nikawaita washenzi, nikasema wamenitumia mimi, mtu niliyesoma. Dada aliniacha nimalize.

"Pale mlangoni," akasema, "ulipotia sahihi, walikupa nini?"

"Kuponi."

"Ya nini?"

"Ya pilau."

"Ukala?"

"Nilikula."

"Na yule mhandisi?"

"Alikaa nje."

Aliingia stoo akatoka na reki mbili, akanipa moja.

"Geuza upande huo," akasema. "Mvua inakuja."