Hotipoti Ilirudi Tupu

Mume wangu aliambiwa ana kisukari wakati kijiji kizima kimeshika hela za korosho, na nadhani huo ndio ulikuwa mkosi wetu wa kwanza. Angeambiwa miezi ya njaa tungeelewana. Lakini huku kwetu, upande wa Ruponda, kila nyumba ilikuwa inanuka mafuta ya kukaangia. Wanapika wali, wanapika maandazi, soda zinaletwa kwa kreti, na mimi ndio narudi kutoka kliniki ya Nachingwea na habari kwamba baba wa nyumba yangu aache kila kitu kinachofanana na sherehe.

Nesi alikuwa binti mpole, umri wa mwanangu wa pili. Alinieleza vizuri: samaki, matunda, mboga za majani, mkate wa brauni, uji wa oti. Mboga za majani nilimwelewa. Oti nazijua kwa macho tu, zipo kwenye duka moja kubwa pale mjini, juu kabisa ya rafu, na hazijawahi kushuka kwa ajili yangu. Hela zetu zilikuwa zimekwenda kwenye ada na mabati, na kilichobaki kilikuwa cha salfa ya kupulizia mikorosho msimu unaofuata. Nikamwambia, "Mwanangu, nitampikia, ila hizo oti tuziache." Akacheka. "Basi mama, mpikie mlivyokuwa mnakula zamani."

Neno hilo lilinipa nguvu. Mimi nimezaliwa Malolo, kule Ruangwa, kwa wazazi ambao hawakuwa na kitu, kwa hiyo chakula cha zamani nakijua. Nilianza kupika ugali wa mtama uliotwangwa bila kukobolewa. Mbaazi nilizichemsha mpaka zikalainika, kisha nikazitia tui la korosho, zile zinazovunjika wakati wa kubangua ambazo mnunuzi hazitaki. Nilipika kunde, na majani yake siku nyingine. Mvua zilipoanza nilichuma mlenda pembeni mwa njia, na majani ya maboga niliyachanganya na ufuta wa kutwanga. Dagaa niliwatia wachache, wa kuleta harufu. Karibu vyote vilitoka shambani kwangu au vilijiotea vyenyewe. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na hasira zangu nikizielekeza jikoni zinafanya kazi nzuri. Nilipika kama mtu anayegombana na ule ugonjwa ana kwa ana.

Sasa lazima nieleze tunavyokula. Jioni, baada ya swala ya magharibi, wanaume wa nyumba zetu za jirani hukutana kwenye mkeka mmoja, nje kwa mzee aliye mkubwa kwao. Kila mmoja anatoka na chakula cha kwake. Wanawake tunabaki jikoni na watoto. Pale mkekani hakuna chakula cha mtu. Vyombo vyote vinafunuliwa, vinawekwa katikati, na adabu ni kuanza na cha mwenzako. Chako unawasogezea wengine. Mwanaume anayeng'ang'ania chakula kilichotoka kwa mke wake anaitwa mchoyo, na jina hilo ukishapewa utazeeka nalo. Baba yangu alikula hivyo, na babu yangu. Hakuna mpita njia aliyelala na njaa kwetu, wala mwanaume aliyefiwa na mke akakosa cha kula jioni. Niliupenda utaratibu ule na bado naupenda, ndiyo maana roho inaniuma ninapoandika haya.

Kila jioni mume wangu aliichukua hotipoti yangu akatoka nayo. Kila jioni ilirudi tupu, imekombwa mpaka chini. Namuuliza, "Umeshiba?" Ananijibu, "Nimeshiba, mama watoto, Mungu akubariki." Hakusema uongo. Alikuwa ameshiba.

Nilifurahi mno, na ile furaha naijutia mpaka leo. Nilikuwa naiosha ile hotipoti huku naimba. Nikaanza na maringo. Nikikutana na wanawake wenzangu kisimani nawaambia kisukari ni ugonjwa wa uvivu wa jikoni, mtu akiamua kupika unaondoka wenyewe. Walinisikiliza kwa heshima. Labda mmojawapo alikuwa anajua, akanihurumia.

Tuliporudi kliniki, sukari ilikuwa imepanda. Nesi akaniuliza, "Mama, mzee unampa nini?" Nikamtajia. "Kila siku?" Nikamwambia kila siku, hata leo mtama upo ndani. Akaniangalia kama mtu anayekuheshimu lakini hajakuamini. Dawa zikaongezwa. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira, nikimsema yule binti njia nzima, kwamba vipimo vyake vibovu. Mume wangu alikuwa anaangalia nje ya dirisha la gari, na mimi nikadhani ni uchovu wa ugonjwa.

Ramadhani ikaingia katikati ya mvua. Nesi alimkataza kufunga, shehe naye akamwambia mgonjwa ana ruhusa. Akafunga. Kwenye futari mkeka ule ulikuwa unajaa mpaka watu wanakosa pa kuweka magoti: tambi za sukari, magimbi, mihogo ya nazi, chai tamu. Mimi nilipeleka mbaazi zangu na uji wa mtama uliotiwa ukwaju badala ya sukari. Vyombo vikarudi vitupu.

Ndipo jirani yangu mmoja alipokuja kuazima chekeche. Ni mwanamke mzuri, mchangamfu, tumelea watoto pamoja. Akasema, "Shoga, hebu nifundishe zile mbaazi zako. Baba watoto ananiambia kila siku nipike kama wewe. Tumbo limempungua, na walivyompima presha wanasema imeshuka!" Nikacheka kwa kujisikia. Nikamwambia siri ni kutia tui mwishoni, moto ukiwa mdogo. Naye, kwa wema wake, akaona anirudishie sifa. "Na wa kwako jamani anaupenda wali wangu! Nasikia anaanza na hotipoti yangu, na ndiyo anayomalizia."

Chekeche nilikuwa nalo mkononi. Sikumpa, nilisimama nalo tu mpaka akaniuliza kama naumwa. Dawa niliyokuwa naipika kwa mikono yangu ilikuwa inamtibu mume wa mtu.

Aliporudi kutoka mkekani nilikuwa nimekaa mlangoni namsubiri.

"Mbaazi zangu nani anakula?"

"Tunakula wote."

"Wewe. Wewe umezila?"

Akavua kofia, akaishikashika. "Mama watoto, pale pana watu. Nikumbatie chakula cha mke wangu mbele za watu?"

"Na wali wa wenzio?"

"Wananiwekea mbele. Nitaukataaje?" Kisha akashusha sauti. "Na huo mtama wako. Korosho tumeuza juzi tu. Watu wakiniona nashindilia mtama si wataniuliza hela nimepeleka wapi?"

Hapo nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia. Kwetu mtama na mlenda huliwa mahindi yakiisha. Ukivipeleka mkekani wakati watu wana neema, umetangaza kwamba nyumbani kwako kuna njaa. Wale wanaume walianza kula chakula changu kwa kutusitiri, wakimaliza haraka ili aibu yetu isikae sana machoni. Baadaye wakanogewa. Mume wangu kila jioni alikuwa anakisogeza kwao, na kwa macho ya watu alikuwa mwanaume mwenye adabu kuliko wote pale.

"Basi kula ndani," nikamwambia. "Kula hapa na mimi."

"Ndani! Waseme umenilisha limbwata?" Akacheka, akaanza kutembea kwa madaha kama mwanaume aliyerogwa na mkewe, mikono imelegea, shingo upande. Nikacheka na mimi. Hilo ndilo lilikuwa balaa la yule mume, alijua kunichekesha saa ambayo nilitakiwa kugomba. Laiti ningegomba.

Sikukaa kimya kabisa. Nilikwenda kwa mke wa yule mzee mkubwa, bibi anayeheshimiwa na sisi sote, nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza kwamba mume wangu anaumwa na vyakula vya mkekani vinamuumiza. Alinisikiliza, akanishika mkono. "Mwanangu, mgonjwa anabembelezwa. Tumnyime wali, yeye kawa mfungwa?" Habari ikaenea kwamba mume wangu anaumwa sana. Wakamhurumia kweli kweli. Kuanzia hapo finyango nono ni yake, soda ya baridi anafichiwa yeye, na anayekwenda Nachingwea anamletea biskuti. Upendo wote wa kijiji ulimwangukia, na utamwambiaje mtu asimpende mumeo?

Tukaenda hivyo msimu mmoja, tukaenda wa pili. Nilichoka kubishana. Niliendelea kupika vilevile, nikiambiwa ameonja, na nilijilazimisha kuamini hilo neno. Akaanza kulalamika miguu inakufa ganzi. Akaanza kukosea hatua gizani.

Wakati wa kupulizia salfa alivaa gambuti asubuhi akaenda shambani. Kisiki cha mti uliofyekwa kilitoboa gambuti, kikaingia kwenye wayo, naye hakusikia kitu. Alifanya kazi mpaka jua likawa kali, akarudi, akaoga, akaenda mkekani. Tuligundua siku kadhaa baadaye, na hata hapo ni mimi niliyesikia harufu nikadhani panya kafia uvunguni. Tulimpaka dawa za dukani. Tulipomkodia gari kwenda hospitali ya misheni, alikuwa anatetemeka kwa homa, na tulipopita Nanganga aliniuliza mara mbili kama bado tupo shambani.

Mguu wa kulia walimkata chini ya goti. Daktari alituita wote wawili, akasema wa kushoto nao una dalili, na kwamba dawa peke yake haitaulinda, chakula ndicho kitaamua. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Mimi nilitaka kumwambia daktari kwamba chakula nilikuwa napika tangu siku ya kwanza, kimepikwa vizuri, kwa vitu vya shambani, bila hata oti. Lakini ningemweleza nini mtu wa mbali kuhusu mkeka wetu?

Tulirudi nyumbani. Hakuweza kwenda kwa mzee, magongo yalikuwa yanamshinda. Nikajisemea moyoni, na Mungu anisamehe, kwamba sasa nimempata, atakula ndani. Sikuwajua majirani zangu. Jioni hiyohiyo nilisikia vikohozi na ndala uani, nikachungulia. Wanaume wote wamekuja, mkeka wameubeba begani. "Hatuwezi kula ndugu yetu yuko ndani peke yake," alisema yule mzee. "Kuanzia leo tunakula hapa." Wakautandika kwenye baraza letu. Wakamtoa mume wangu kwa kumkumbatia, wakamkalisha katikati, wakamwekea mto mgongoni.

Nilitaka kuwapigia magoti kwa wema ule, na papo hapo nilitaka kuwafukuza kwa mchi. Vyombo vikafunuliwa. Harufu ya wali wa nazi ikanifikia jikoni. Nikasikia sauti ya mume wa jirani yangu, yule wa presha, ikisema kwa upole, "Anza na huu, kaka, ni wa moto." Nilishika fremu ya mlango. Mguu wa kushoto wa mume wangu ulikuwa pale mkekani, peke yake, na mimi kama mwanamke sikuwa na pa kuingilia.

Halafu nikasikia chombo kinaburutwa juu ya mkeka.

"Hiki changu," mume wangu alisema. "Cha mke wangu hiki, nakula mwenyewe. Nyinyi kuleni vyenu."

Kwetu maneno hayo hayasemwi. Sijawahi kumsikia mwanaume akiyasema, si baba yangu, si babu yangu, hata mlevi hayasemi. Nilingoja wamjibu, wasimame, wakunje mkeka wao. Mtu mmoja akakohoa. Kisha mzee akasema, "Haya, bismillahi," na wakaanza kula, wakaendelea na habari za bei ya ufuta. Basi. Hakuna aliyemwita mchoyo. Hakuna lililotokea.

Ningepaswa kushangilia. Badala yake nilikaa chini jikoni nikalia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu lilikuwa neno dogo vile. Halikuhitaji hela wala duka la mjini. Angelisema siku ile ya kwanza, angelisema huku amekunja miguu yote miwili.