Sauti ya Mama Katikati ya Mkonge

Iko siku moja ninayoikumbuka, Zuhura mwanangu, mpaka leo. Mama yangu mzazi aliniita mpaka sauti ikamkauka. Nilimsikia. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona vumbi kwenye vidole vya miguu yake, na sikuitika.

Kaa hapa kidogo, simu iweke pembeni, haitakimbia. Nataka ujue kwa nini jana asubuhi mimi bibi yako nilinyamaza ghafla. Ulikuwa unatoka mbio kwenda kazini, bodaboda inakungoja nje, Salma kakushika gauni hataki kukuachia. Ukamwambia kuna mzee mwenye gunia getini, anachukua watoto wanaowafuata mama zao. Mtoto akaliachia gauni pale pale. Wewe ukaondoka umefurahi. Mimi niliyaona macho ya mtoto, na chai ikanishinda.

Enzi za Mwingereza, mimi mdogo, tulihama kijijini kwetu Kigombe tukaenda kukaa kambi ya mkonge upande wa Muheza. Kigombe nilikuwa mtoto wa kila mtu. Nikitoka kwa bibi naangukia kwa shangazi, nikitoka kwa shangazi jirani ameshaniona. Kule kambini hatukuwa na mtu. Watu walitoka pande zote za nchi, kila mmoja na lugha yake, na alfajiri wote wameshakwenda kazini. Baba alifanya kazi kwenye korona. Usinicheke, si ule ugonjwa wenu, ndivyo tulivyoiita mashine ya kukamua majani ya mkonge. Mama alianika singa, zile nyuzi zenyewe, juani kutwa, mdogo wangu mgongoni. Mimi nilibaki chumbani peke yangu, mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka.

Mama aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Nyuma ya nyumba zetu ilipita reli ya matoroli yaliyobeba mkonge, na mbele kidogo palikuwa na shimo la maji machafu ya korona. Lakini kumweleza mtoto mambo hayo akaelewa kunataka muda, na maswali yake yajibiwe, na kesho aelezwe tena. Muda huo mama hakuwa nao. Akamtumia mumiani.

Nyie siku hizi mumiani mnamfanya kichekesho. Sisi tulimwamini, wakubwa kwa wadogo. Tuliambiwa anazunguka na gari, ana sanduku na sindano, anakamata watu awanyonye damu ikafanywe dawa. Mama akaongeza na ya kwake. "Mumiani analijua jina lako, Mwantumu. Atakuita kwa sauti yangu mimi. Ukiitika tu, umekwisha. Mimi nikirudi nitasukuma mlango, sitakuita." Nikashika neno lile kuliko sura yoyote ya Kurani niliyofundishwa chuoni.

Basi siku hiyo, jua limeshapinduka, nikasikia gari linasimama nje. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Akashuka mtu mwenye nguo nyeupe, mkononi sanduku. Alikuwa dresa, mhudumu wa zahanati, anapita kuchanja watoto wa kambi, lakini hilo nililijua baadaye. Mama mmoja mgonjwa wa chumba cha pili akamwelekeza kwetu na jina akamtajia. Yule mtu akaja mlangoni, akasema kwa upole, "Mwantumu, hebu toka mwanangu." Nilijikojolea. Kisha nikapenya dirisha la nyuma, nikavuka reli, nikaingia shambani.

Ukiwa mtoto mdogo, mkonge unakufunika. Mistari yote inafanana, kila jani lina mwiba nchani, na ukikimbia unachomwa huku na huku. Nilikimbia mpaka mwiba ukanizama pajani, nikaanguka, nikajikunyata chini ya shina. Damu ilikuwa inatoka na mimi naifunika kwa mchanga, nisije nikanuswa. Kiu ilinishika. Kitu kilitambaa kwenye majani makavu nyuma yangu, nikaogopa hata kugeuka. Na bado nyoka nilimwona nafuu.

Jua likiwa linashuka ndipo sauti zikaanza. Ya baba, ya nyapara, za watu wa korona, wote wanaita Mwantumu. Kila nilipolisikia jina langu nilijua mumiani wamefika. Halafu ikaja ya mama. Ilikuwa yake hasa, na hilo ndilo lililonitisha, maana niliambiwa itakuwa yake hasa.

Nadhani wakati ule ndipo alipokumbuka aliyonifundisha. Akasimama katikati ya mistari, mbele ya mume wake na wanaume wa watu, akapaza sauti. "Mwantumu, hakuna mumiani! Nilikudanganya mimi mama yako! Toka mwanangu!" Na mimi pale chini nikawaza, mumiani angesema nini kingine? Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Miguu yake ikapita mbele yangu, na ule ukucha wake uliopasuka nikauona. Nikasema moyoni, ameiba mpaka miguu ya mama.

Wale wengine wakasogea mbali. Mama akakaa chini kwenye vumbi, hakuita tena. Akalia. Hakulia kilio cha msibani chenye maneno. Alilia kama mtoto, kamasi zinamtoka, anasema "nimemuua, nimemuua". Nikasikiliza. Katika yote niliyoambiwa juu ya mumiani, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba analia.

Nikatoka kwa kutambaa. Sikumkimbilia. Nikasimama mbali naye nikamuuliza, "Wewe ni mama?" Akazidi kulia, na hapo ndipo nilipomsogelea.

Habari zikafika Kigombe, bibi akaja. Hakugomba, alikuwa mtu wa maneno machache. Alinitazama paja, akanitazama machoni, kisha akamgeukia mama. "Ulitaka mlinzi wa mlango, mwanangu. Haya, kakufungia nje na wewe."

Na kweli alimfungia. Kidonda kilipona upesi, lakini nilijifunza kutia komeo. Jioni mama anarudi na uchovu wake, vumbi la singa nyweleni, mtoto mgongoni, anabisha hodi. Mimi ndani namwambia, "Lia kwanza." Mwanzo alijiliza tu ili nifungue, na sikufungua. Baadaye hakuhitaji kujiliza, alilia kweli.

Simlaumu mama, Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke mwenye kazi nyingi na mikono miwili, kama wewe. Lakini nimezeeka na hofu ile ninayo, na sasa nimeiona kwenye macho ya Salma, ndiyo maana nakusema.

Mweleze mtoto ukweli, hata kama bodaboda inapiga honi. Mwambie unakwenda kazini na jioni utarudi. Mwambie nje kuna magari, na siku moja mshike mkono umpeleke barabarani ayaone mwenyewe yanavyopita, ajue anachokiogopa. Akilia unapoondoka, mwache alie, kilio kitaisha. Kama huna wa kumwachia, niachie mimi, bado nina macho na hadithi. Ila usimwachie mtu mwenye gunia. Utaajiri mlinzi asiyekula wala kulala, na siku utakayotaka kumfukuza hatakusikia, maana anamsikiliza mtoto peke yake. Na leo jioni kabla hujavua viatu, kaa naye chini umwambie ulimdanganya. Bado ni mapema, atakuamini.

Mola akuzidishie subira, mwanangu, akubariki katika kazi yako na uzao wako. Akujaalie kila urudipo, ukibisha hodi, mwanao aijue sauti yako na aukimbilie mlango.