Siku Dada Alipopanda Gari la Ndafu

Najua mkasa huu mmeshausikia kwa wengine, kila mtu kaongeza chumvi yake, basi leo nausimulia mwenyewe ili angalau niaibike kwa yale niliyoyafanya kweli. Ndiyo, ni mimi niliyesimama ukumbini kule Olmotonyi, mbele ya koo mbili, nikiwa na sikio la mbuzi mfukoni.

Dada yangu Elinami alikuwa anaolewa na Mwarusha wa huko Olmotonyi, na kwetu Kijenge kamati ya harusi ilikuwa imekwama kwenye swali moja: bibi harusi apande gari gani. Mjomba Tumsifu, kaka yake mama, alikuwa na gari lake la spoti la zamani, milango miwili, rangi ya chungwa, alilonunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Binamu yetu Aminieli, ambaye tangu biashara iwe ruksa anakwenda Dubai kama sisi tunavyokwenda sokoni, alikuwa kaleta la kwake, jipya, milango miwili vilevile, jekundu, limelala chini kama mjusi, na ukibonyeza swichi taa zinachomoza zenyewe kwenye boneti. Walibishana wiki nzima mpaka Dada akachoka, akasema aulizwe Godi, yaani mimi, ndiye anayejua magari. (Ujuzi wangu ni daftari la Jiografia lililojaa picha nilizokata magazetini. Jiografia yenyewe nilipata kumi na tisa.)

Nikayapima kama hakimu. La Mjomba lina sura, sikatai, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka, bampa la kung'aa unaloweza kujitazama ukachana nywele, lakini kuliwasha ni mpaka uvute choki na usali kidogo, na ukishuka unanuka petroli mpaka kesho yake. Jipya lina kiyoyozi, lina vioo vya kubonyeza, lina redio inayotetemesha mbavu. Kiti chake cha nyuma kinamtosha paka aliyekonda, na hilo niliona, nikalinyamazia, kwa sababu nilikuwa nimeshajiona nimo ndani nikiwapita wenzangu wa Kidato cha Tatu. Nikasema jipya. Halafu nikaongeza, bila kuombwa na mtu, kwamba hilo la zamani libebe ndafu.

Ndafu, kwa asiyejua, ni mbuzi mzima aliyebanikwa, na kichwa chake na masikio yake, anasimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni. Kwetu Wachaga ndiyo keki. Na Mama ana sharti lake: ndafu haionekani na mtu mpaka iingie ukumbini.

Mjomba hakugomba. Aliniuliza tu, "Njia ya huko umeiona, lakini?"

"Mjomba, gari limetoka Japani mpaka hapa. Olmotonyi itakuwa nini?"

Kumbe. Mchungaji alikuwa ameshaonya kwamba ndoa ni saa nane kamili, bibi harusi akichelewa anafungisha ya wenzetu na sisi tungoje mpaka jioni. Basi la wasindikizaji likatangulia, sisi tukafuata, Aminieli kwenye usukani, Dada mbele na gauni lake limejaa mpaka kwenye gia, mimi nyuma nimejikunja magoti yakigusa kidevu, na Kijenge nzima nikaipungia mkono kama waziri. Kwenye lami raha tupu. Tulipoacha lami ndipo nilipojifunza kitu ambacho magazeti hayaandiki: malori ya magogo yanayoshuka kutoka msituni huchimba mifereji miwili ya magurudumu, katikati kunabaki tuta kama mgongo wa ng'ombe, na gari lililolala chini kama mjusi, likifika hapo, linalala kweli. Tulisikia tumbo likikwaruza, kisha tukawa tumekaa juu ya tuta, magurudumu yanazunguka hewani. Taa tu ndizo zilizoendelea kuchomoza na kujificha. Aminieli alikuwa anabonyeza kila kitu.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Dada hakulia, alinitazama tu, na afadhali angelia.

Nyuma yetu ikasikika honi ya lile la chungwa. Gari la Mjomba, tumbo juu, magurudumu membamba, lilikuja likiyumba juu ya ile mifereji kama mama mtu mzima anayevuka mto kashika kanga, Mjomba akasimama, akafungua mlango, akamwambia Dada, "Ingia, mwanangu." Mimi akanikunjia kiti nipite nyuma, nikakaa na ndafu, tukalipita lile jekundu kwa pembeni.

Likatutingisha huko nyuma! Sinia likateleza, shuka lililomfunika mbuzi likaanguka, nikamkumbatia nisije nikamwangusha juu ya shela, na kwenye shimo la mwisho nikashika sikio lake la kushoto, likabaki mkononi. Nikalitia mfukoni. Saa nane kasoro dakika mbili tukasimama mlangoni pa kanisa, kwaya imejipanga, na watu wote wa Olmotonyi wakaona dirishani vichwa viwili vimegusana mashavu, kimoja kina majani mdomoni.

Dada aliolewa kwa wakati. Lakini jioni wapishi walipoiingiza ndafu wakicheza, Mzee Loishiye, baba mkubwa wa bwana harusi, alisimama, akaizunguka polepole. Sasa, wale ni wafugaji. Kwao alama ya mwenye mnyama hukatwa sikioni, na mbuzi asiye na sikio ni mbuzi ambaye mtu kafuta jina la mwenyewe.

"Sikio la kushoto liko wapi?" akauliza.

Mama akamtazama mpishi, mpishi akatazama chini, na Dada, ambaye hana hata saa tano kwenye ukoo ule, akawa anaonekana ametoka kwa wezi wa mbuzi. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee. Ninalo mimi."

"Marahaba. Wewe layoni, bado kivulana, sikio la mbuzi linafanya nini mfukoni mwako?"

Nikaeleza yote, tuta, taa, paka aliyekonda, mpaka ushauri wangu kwa kamati, maana uongo ungemgharimu Dada. Mzee akalipokea sikio, akaligeuza huku na huku, akalipangusa nyuzi za mfukoni, akasema halina alama ya mtu. Kisha akanirudishia.

"Kula."

Nikalila lote, mbele ya koo mbili, likiwa na ladha ya peremende zilizokuwa mfukoni. Dada ndiye aliyeanza kucheka, na ukumbi ukamfuata.

Aminieli alivutwa na lori la magogo. Mimi Mjomba alinirudisha Kijenge kwenye kile kiti cha nyuma, katandika shuka la ndafu, eti nisichafue. Nimeapa: gari likija mbele yangu tena, hata liwe zuri namna gani, kabla ya kulitazama usoni nitainama nilitazame tumbo.