Kipande cha Nyuma ya Kanisa

Hapa Ipogolo nimejenga nyumba ya vyumba vinne kwa nguvu zangu mwenyewe, na bomba liko uani, hatua sita kutoka mlango wa jikoni. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Sikurithi shamba la chai wala sikuwa na mjomba mwenye cheo. Nilitoka kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Igowole, nikiwa na suruali mbili, nikaenda Makongolosi kushuka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu. Nilibeba mawe, nikasimamia karasha la kusagia mawe, nikalala chini ya turubai. Wenzangu walipokuwa wanakunywa walichopata, mimi nilikuwa naweka cha ada. Chuo nikasoma Mbeya. Diploma yangu ya ufundi wa maji nimeitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni asihangaike kuitafuta.

Lakini Jumapili asubuhi, mke wangu akifungua koki na ndoo ikaanza kulia, siko Ipogolo tena. Nakuwa nimeketi kwenye benchi la kanisa la kwetu, ukungu umeziba madirisha, na nasikia sululu.

Mwaka niliorudi na diploma ndio mwaka mabomba yalipoletwa kijijini. Mabomba yalikuwepo, mafundi walikuwepo, ila mtaro wa kuyalaza kutoka tenki la mlimani hadi vituo vya maji tulitakiwa kuuchimba wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji aliniita siku ya pili tu baada ya kufika. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kusoma ule mchoro, na hili hata wasionipenda hawalikatai. Nikapewa daftari, nikajichongea fimbo ya mita moja ya mwanzi, nikaikwaruza alama kwa kisu, na kuanzia hapo hakuna aliyeniita kwa jina. Nilikuwa Fundi.

Kila kaya ilipewa kipande cha hatua ishirini, kina cha kufika kiunoni. Kazi ilikuwa Jumamosi. Atakayekosa Jumamosi tatu bila ugonjwa, kaya yake isichote maji. Kanuni hiyo tuliipitisha kwenye mkutano, na maneno yake niliyapanga mimi. Wakati ule niliona yamekaa vizuri sana.

Nazikumbuka Jumamosi zile kuliko siku yoyote ya chuo. Tulianza ukungu ukiwa bado umelala juu ya viazi, usione mtu, usikie majembe tu na watu wakikohoa. Akina mama walileta viazi vya kuchemsha kwenye sufuria zilizofungwa kwa kanga ili visipoe. Saa sita ulanzi, pombe ya mwanzi, ulifika. Walutheri na Wakatoliki walichimba wamechanganyikana, wakitaniana toka asubuhi.

"Ninyi Wakatoliki mnachimba kama mnaungama," mtu angesema. "Mmoja mmoja, tena kwa kunong'ona."

"Na ninyi Walutheri kila jembe mpaka likae kikao."

Mimi ni Mlutheri. Nilicheka pamoja nao, na kupima.

Saa mbili na nusu hivi, katikati ya utani huo, ilipita familia moja kwenye njia ya juu. Mzee, mkewe, binti na wajukuu wawili, mashati meupe yamepigwa pasi, Biblia kwapani. Walikuwa watu wa kaskazini waliokaa miaka mingi bonde la Usangu na ng'ombe wao, kisha wakauza ng'ombe na kupanda huku kwetu kulima. Baridi yetu ilimwonea yule mzee. Alivaa koti la jeshi mpaka mwezi wa kumi na mbili. Walisali Jumamosi, kwenye nyumba ya mwenzao ng'ambo ya msitu, watu kumi na kitu tu. Kijijini tuliwaita watu wa Jumamosi.

"Mwangaluka," alisalimia kwa lugha yake.

"Kamwene," tulijibu kwa yetu.

"Mzee, hiyo Biblia haina jembe?" aliuliza kijana mmoja.

"Inalo," alisema bila kusimama. "Leo limepumzika."

Mkewe alitembea nyuma akiegemea upande. Mwaka uliotangulia aliteleza na ndoo kwenye mteremko wa kisima, nyonga ikaharibika, na bado alishuka bondeni kila siku. Binti alikuwa akitoka alfajiri na baba yake kwenda kufanya kibarua kwenye msitu wa mbao, wakirudi jioni. Kwa kaya nyingine bomba lilikuwa nafuu. Kwa mama yule lilikuwa ni kutembea au kutotembea.

Ijumaa moja mzee alikuja nyumbani kwetu, akasimama nje hadi nilipotoka.

"Mwanangu Fundi, kipande changu nitakichimba Jumapili. Siku nyingine zote niko msituni. Naomba uniandike hivyo."

"Mzee, kanuni inasema Jumamosi."

"Naijua. Nauliza kama daftari lako lina nafasi ya Jumapili."

"Kanuni ni kanuni, mzee," nikamjibu. Nilikuwa na diploma miezi mitatu tu.

Akashukuru, akaenda. Nami nikaandika mwandiko wangu mzuri, Jumamosi ya kwanza: hakufika. Ya pili: hakufika. Ya tatu: hakufika.

Kipande chake kilikuwa nyuma ya kanisa letu, kwenye moramu, udongo mgumu wa changarawe. Siku ya kugawa vipande ilikuwa Jumamosi, hivyo hakuwepo, na asiyekuwepo hupewa kilichobaki. Ndiyo maana Jumapili, mwinjilisti alipoinamisha kichwa kuomba, tulisikia sululu ikigonga mawe nyuma ya ukuta wetu. Baba yangu mdogo, mzee wa kanisa, alikohoa. Sululu ikagonga. Akakohoa tena. Ibada nzima ikaenda hivyo.

Jumatatu nilikwenda kupima nikakuta kipande kimefukiwa. Udongo wote umerudishwa na kukanyagwa ukashikana. Nyayo zilionekana waziwazi, na hazikuwa za ndala wala raba za shamba. Zilikuwa za viatu vya Jumapili, vyenye kisigino.

Mzee alinikuta hapo akielekea msituni na binti yake. Akaugonga udongo kwa mguu.

"Wamefanya kazi kubwa," akasema. "Moramu hii, kwa jioni moja."

"Pole, mzee."

"Nitarudia Jumapili." Akafunga vifungo vya koti lake. "Ila daftari lako likisema sikufika, naomba liseme na hili."

Jioni nilimsimulia mama, tukiwa jikoni tunaota moto. Mama alizaliwa Mkatoliki, akaja kuolewa Ulutherini.

"Mama, mimi nafanyaje? Nikimwachia yeye, kila mtu atataka siku yake."

"Wewe kwa nini huchimbi Jumapili?"

"Jumapili tunasali."

"Nani alikuandikia hakufika?"

Akageuza kuni.

"Nilipoolewa hapa," akasema, "miaka miwili niliendelea kusali kwetu. Wazee wa baba yako walisema sana. Baba yako alikuwa ananisindikiza mpaka kwenye daraja, kisha anarudi kuwahi ibada yake. Hakusoma, baba yako. Wala hakuwa na daftari."

Nimesikiliza walimu wengi Mbeya. Hakuna aliyenipiga hivyo.

Mkutano wa kijiji wa kupitisha orodha ya kaya zitakazochota ulikuwa Alhamisi, nje ya ofisi. Mzee alikuja na koti lake, mkewe akaketi kwenye nyasi na mguu umenyooka. Mwenyekiti alisoma majina ya waliokosa mara tatu. Lilikuwa jina moja.

Nikasimama na daftari na fimbo yangu. Huko machimboni nilizoea kubishana na watu wenye visu, sauti yangu ikabaki palepale. Siku hiyo nilianza sentensi mara mbili.

"Jina hilo nimeliandika mimi, na nimelikosea," nikasema. "Tulipopanga Jumamosi, hatukuuliza siku ya Mungu ni ipi. Tuliiacha siku yetu bila hata kuitaja, kwa sababu sote hapa tunaijua. Mwenye duka wetu, Mwislamu, anapofunga duka Ijumaa mchana akaenda kuswali, hakuna anayeuliza. Yake mnaijua. Huyu mzee tumemnyima kwa sababu siku yake hatukuizoea. Kama hachoti maji kwa kutochimba siku ya ibada yake, basi sote hapa tusichote, maana hakuna aliyechimba siku ya kwetu."

Baba mdogo akasimama. "Mwanangu umesoma, tunajua, umetuambia. Sasa kesho atakuja mwingine anayepumzika Jumatano."

Watu wakacheka.

"Naye nitampimia kipande, baba," nikasema. "Hatua ishirini, kufika kiunoni."

"Na kelele? Tunaomba Mungu, yeye anapasua mawe."

Hapo mzee akasimama, kofia mkononi. "Hilo mngeniambia," akasema. "Ningeanza mkitoka kanisani. Hakuna aliyeniambia. Niliona tu mtaro umejaa udongo."

Vijana watatu walikuwa wanatazama viatu vyao. Sikuwataja, na siwataji leo. Mmoja ni shemeji yangu.

Mwenyekiti aliita mikono. Ilinyooshwa mingi, si yote. Wa baba mdogo ulibaki gotini. Nilikata mstari juu ya yale maneno matatu, nikaandika pembeni: Jumapili, baada ya ibada. Nikamwonyesha mzee. Akasoma polepole, akasema mwandiko wangu mzuri.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, alikuwa ameketi juu ya lundo la moramu, sululu kwenye magoti, anangoja. Mama yangu, na gauni lake la kanisani, akampelekea viazi. Mmoja wa wale vijana alisimama kidogo, akavua koti la suti, akalitundika kwenye dirisha la kanisa. Akashika koleo.

Maji yalifunguliwa mwezi wa nne, Jumamosi, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi siku hiyo. Ngoma zilipigwa, kwaya zote mbili ziliimba, na mimi nilipewa nafasi ya kusema maneno machache nikasema mengi. Familia ile ilipita njia ya juu na mashati yao meupe, ikapunga mikono, ikaendelea na safari.

Kesho yake tulikuwa kwenye maombi, vichwa chini, niliposikia koki ya kituo cha maji kilichojengwa nyuma ya ukuta wa kanisa. Ndoo tupu ikilia kwa sauti nene. Fundi wa maji anajua kwa sikio maji yamefika wapi: sauti inapanda, inakuwa nyembamba kadiri ndoo inavyojaa. Foleni haikuwepo, karibu kijiji kizima tulikuwa ibadani. Mke wa yule mzee alikuwa na kituo chote peke yake.

Baba mdogo alikohoa mara moja. Nikangoja mara ya pili. Haikuja.

Maji yalifika shingoni mwa ndoo. Koki ikafungwa. Kisha nikasikia hatua zake, mguu mmoja ukigusa ardhi kwa nguvu kuliko mwenzake, zikiondoka kwenye njia tambarare, na baba mdogo akalamba kidole, akafunua kitabu cha nyimbo.