Neno Moja Nyuma ya Kikwembe

Binti yangu alifika umri wa kwenda shule bila kusema hata neno moja. Alikuwa akipanga vifuniko vya chupa mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka jikoni, na ole wako ukikanyaga kimoja. King'ora cha kampuni kikilia saa ya zamu, alijiziba masikio na kupiga mayowe mpaka majirani wakachungulia. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinitajia jina la hali yake, otisme, ambayo Kiswahili cha vitabuni kinaita usonji. Wakati ule, katika kambi yetu ya wafanyakazi pale Kolwezi, tulipewa majina mengine. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema mlozi ni yeye mwenyewe. Watu wa namna hiyo niliacha kuwasalimu, na nikikutana nao leo pia nitawapita.

Shule ya kambi haikukaa naye muda mrefu. Mwalimu alimrudisha mwenyewe, amemshika mkono, uso umechoka.

"Mama, uyu mutoto masomo haiwezi. Anakaa tu chini ya meza. Umuchunge ku nyumba."

Kumchunga, kana kwamba ni mbuzi! Nilisema moyoni kwamba shule ikimkataa, basi shule nitakuwa mimi. Ujuzi sikuwa nao. Nilianza kwa kumwekea picha mbele ya macho na kumshika kichwa ili aziangalie. Aligeuka, nikamfokea, na tukaishia kulia wote wawili. Ndipo nikaacha kufundisha, nikaanza kutazama ni nini kinachomchekesha. Vitu hivyo vilikuwa vichache: maji yakimiminwa kutoka juu, unga wa mahindi ukipita kwenye chekecheo, na vikwembe vyangu, yale mavazi tunayojifunga kiunoni, vikipepea kwenye kamba ya nguo. Basi tukahesabu kwa vikombe vya maji. Tukachora nyumba kwa kidole juu ya unga kabla sijasonga bukari, ugali wetu. Baba yake, fundi wa mashine kule kwenye mgodi wa Mutoshi, alirudi mara nyingi akakuta chakula hakijaiva na sakafu ni nyeupe yote. Alicheka tu na kuomba achore na yeye.

Mchezo alioupenda kuliko yote ulikuwa wa kikwembe. Nilijificha nyuma yake pale kambani, nikatulia kidogo, kisha nikaruka nje nikipiga makofi: "Moyo!" Hiyo ndiyo salamu yetu. Babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Sisi tulizaliwa hapa na Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya barabarani, ila ndani ya nyumba tulisalimiana vile walivyosalimiana wao. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Nilirudia kila asubuhi, mama mzima ninaruka nyuma ya nguo mbichi, huku majirani wakinitania kupita kiasi.

Asubuhi moja nilikuwa bado nimejificha, kikwembe kikafunuliwa kutoka upande wa pili. Alikuwa yeye. Akapiga makofi, akasema wazi kabisa, "Moyo!"

Nilicheka, nililia, nilimwomba arudie, akarudia. Tangu siku hiyo alimsalimu kila aliyepita: wauza makaa, padri, hata kuku. Mume wangu alisema kwamba la pili litafuata, na mimi niliamini. Nilikuwa nimekwisha kulichagua. Lilikuwa neno la maji.

Halikuja. Kazi za mgodi zilianguka, mishahara ikakauka, na watu wakala matembele bila mafuta. Kisha ikaanza kusemwa mikutanoni kwamba njaa ile imeletwa na sisi Bakasai. Mume wangu alirudi mchana akasema wamemzuia mlangoni kwa kazi, na waliomzuia ni watu aliowafundisha kushika nyundo. Nyumba zikaanza kuungua katika barabara ya nyuma yetu.

Jirani yetu, mama kutoka kaskazini mwa Katanga, alituingiza sote watatu kwa mlango wake wa nyuma, akatuficha katika chumba kidogo kilichotengwa na jiko kwa pazia. Hatukuwa tumemaliza kukaa chini, binti yangu akasikia hatua za mwenye nyumba, akavuta pazia, akapiga makofi. "Moyo!" Sauti ilienea nyumba nzima.

Yule mama alirudisha pazia haraka. "Nakuomba, mama, mutoto anyamaze. Kama banasikia ile salamu, na mi batanichomea nyumba."

Alikuwa na haki. Kumpiga mtoto kungeleta mayowe, na kumwambia anyamaze ni kuongea na ukuta. Nikafanya nilivyozoea. Nilijifunika pamoja naye kwa kikwembe kimoja, nikaweka kiganja kinywani mwake na chake kinywani mwangu, nikampulizia pumzi mkononi ili imtekenye. Alicheka bila sauti. Alipokaa kimya nilimpa karanga moja. Akitoa sauti, mchezo unakwisha. Aliuelewa kabla ya jioni. Neno moja lilikuwa limenigharimu miaka, ukimya ulinigharimu kiganja cha karanga.

Vijana waliokuwa wakichoma nyumba walikuja mchana kweupe.

"Mama, banasema uko na bilulu mu nyumba."

Bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyotuita.

"Iko bandeko bangu tu," alijibu jirani, yaani ni ndugu zake.

Hatua zilisogea mpaka kwenye pazia. Nilimwona mwanangu akigeuza kichwa na kuinua mikono yake kwa furaha, tayari kwa makofi. Nilifumba macho. Kisha nikahisi kiganja chake kidogo, chenye jasho, kikiziba mdomo wangu. Vijana waliondoka. Tukaishi.

Sijuti, na sitaki kusikia ushauri wa mtu ambaye hakuwa nyuma ya pazia lile. Nilidhani tu kwamba mchezo ule wa kunyamaza unaweza kufunguliwa tena. Treni ilitupeleka Kasai, nchi ya babu ambayo hatukuwahi kuiona, ambako kila mtu anasema moyo kutwa nzima, na hakuna anayeuawa kwa hilo. Nilitundika kikwembe kambani. Nilijificha, nikaruka, nikapiga makofi. Alinitazama kwa hofu. Nilirudia kwa miaka, mpaka magoti yakakataa.

Sasa ni mwanamke mzima, ananizidi urefu, na hajasema neno lolote tena, hata lile moja. Mgeni akisimama mlangoni na kutusalimu, binti yangu huacha alichoshika, huja mbio na kuniziba mdomo kwa nguvu. Hacheki. Ananishikilia hivyo mpaka mgeni achoke na aondoke, halafu ananifunulia kiganja ili nimpe karanga.